Kutunza Nyasi za Viwanja Kitaalamu Mombasa: Mwongozo Unaoanzia Kisimani

Mwongozo huu umekusudiwa mtu ambaye tayari anajua kukata nyasi. Anajua kuwasha mashine, kunoa kisu, kupanda vipande vya ukoka kwa mistari na kung'oa magugu, na pengine amefanya kazi hiyo miaka mingi katika hoteli za Nyali na Shanzu, katika uwanja wa shule au kwenye klabu ya gofu. Sasa anataka kupanda ngazi, awe yeye anayeamua ni mbolea gani, maji kiasi gani na kwa nini upande mmoja wa uwanja umegeuka manjano ilhali upande wa pili unameremeta. Ngazi hiyo ni ya vipimo. Asiyepima hubaki akikisia, hata akiwa na mashine ya mamilioni.

Masomo mengi ya fani hii yameandaliwa Marekani na Uingereza, na kwa kawaida huanza na aina za nyasi na ukataji, kwa sababu huko maji matamu si jambo la kuhangaikia sana. Kwa anayejifunzia Mombasa, napendekeza mpangilio uwe tofauti: maji kwanza, udongo wa pili, nyasi za tatu, na mashine baadaye. Sababu yake niliilipia.

Nilipokabidhiwa bustani ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini, kaskazi ilikuwa inavuma na nyasi za upande wa baharini zilikuwa zimeanza kupata rangi ya majivu. Niliongeza maji. Dakika kumi kila alfajiri, dakika kumi kila jioni, kutoka kisima kilichochimbwa ndani ya uwanja wa hoteli yenyewe. Wiki chache baadaye mabaka yalikuwa makubwa zaidi, na asubuhi kabla jua halijawa kali niliona juu ya udongo utando mweupe, mwembamba, unaovunjika ukiugusa. Mzee mmoja aliyekuwa ametunza bustani hiyo kabla yangu alichota kidogo kwa kidole, akaonja, akatema. "Mwanangu," akasema, "ukoka umeufanya ukoko." Nilikuwa nimezipikia nyasi kwa chumvi, na kila nilipozidisha zile dakika kumi ndivyo nilivyozidisha chumvi yenyewe.

Hatua ya kwanza: pima maji

Nunua kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha upitishaji umeme wa maji, yaani EC, kwa kizio cha dS/m (desisimensi kwa mita). Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi na namba inavyopanda. Kwa mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana tatizo. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu. Zaidi ya 3 ni maji ya kutumia kwa hesabu kali. Visima vya kisiwani na vya kando ya ufuo vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye vitundu vingi, na chini ya maji matamu kuna maji ya bahari. Pampu ikivuta kwa nguvu, hasa miezi ya ukavu, ya chini hupanda. Kwa hiyo usipime mara moja ukaridhika. Pima Februari, pima tena Juni, na pima mwanzo na mwisho wa siku ya kupampu, uandike tarehe.

Sasa fanya hesabu ambayo ningefanya mimi kabla ya kufungua bomba. Maji ya EC 3 hubeba takriban gramu 1.9 za chumvi katika kila lita. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani ya mita za mraba 1,000 ikipewa milimita 30 kwa wiki hupokea lita 30,000, na ndani yake mna zaidi ya kilo 57 za chumvi. Ni gunia moja na ushei kila wiki, linalomwagwa na mtu anayedhani anazipa nyasi uhai.

Chumvi hiyo haiondoki kwa mvuke. Maji hupanda hewani, nayo chumvi hubaki kwenye mizizi. Njia ya kuiondoa ni kuisukuma chini kwa maji ya ziada, na kiasi cha ziada hukokotolewa hivi: chukua EC ya maji, uigawe kwa kile unachopata ukizidisha kwa tano EC ya udongo uliyokusudia kutoivuka, kisha ukatoa EC ya maji. Kwa maji ya 3 na udongo ambao hutaki uvuke 5, ni 3 kugawanywa kwa 22, yaani asilimia 14 hivi. Ikiwa nyasi zako hutumia milimita 30 kwa wiki, utahitaji karibu 35. Tofauti ni milimita tano tu, ila lazima zishuke kwa pamoja, katika umwagiliaji mmoja au miwili ya kina, wala zisigawanywe katika vipindi vya dakika kumi ambavyo huloweka sentimita tatu za juu na kuishia hapo. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Maji niliyotoa yangetosha. Niliyatoa kwa namna mbaya.

Hatua ya pili: ujue udongo ulio chini ya miguu yako

Mombasa si udongo mmoja. Kisiwani, Nyali na Bamburi utakuta mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, wenye chokaa nyingi na pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, ambayo mara nyingi huwa juu ya 7.5. Ukielekea bara, Changamwe na Miritini, unaingia kwenye udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba laini ya tabaka, unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Dawa ya mmoja ni kosa kwa mwingine.

Kabla ya maabara, kuna jaribio la jikoni. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani na udondoshee siki. Ukitoa povu na sauti kama soda iliyofunguliwa, una chokaa huru. Maana yake ni kwamba usipoteze fedha kumwaga chokaa ya kilimo, na usitarajie kushusha pH kwa urahisi, kwa kuwa kila tindikali utakayoiweka italiwa na chokaa hiyo. Ni udongo wa kuishi nao. Maana nyingine ni kwamba madini ya chuma yatakuwa yamefungika humo. Nyasi zitageuka manjano katikati ya mishipa ya jani huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, na mtu asiyejua ataongeza naitrojeni bila mafanikio. Tiba ya haraka ni kunyunyizia salfeti ya chuma juu ya majani, kwa kiasi kidogo, jioni, mbali na vigae na saruji, maana huacha madoa ya kutu ambayo mwenye nyumba hatakusamehe.

Kisha peleka sampuli maabara. Chota vijisehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 10, uvichanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, na utenganishe sehemu nzuri na mbovu katika mifuko miwili. Mfuko wa sehemu mbovu peke yake hausemi mengi; thamani yake ni pale unapolinganishwa na sehemu nzuri iliyo hatua kumi kando yake. KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo Mtwapa, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Omba pH, EC, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi na sodiamu. Ikiwa sodiamu ni nyingi na udongo ni wa mfinyanzi, jasi husaidia, kwa kuwa kalisi yake huchukua nafasi ya sodiamu na kuruhusu maji yapenye tena. Kwenye mchanga mtupu wa Nyali, jasi mara nyingi haina kazi kubwa ya kufanya, ingawa wauzaji watakuambia vingine.

Hatua ya tatu: chagua nyasi kwa maji uliyo nayo

Ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, ni mwenyeji wetu. Hupenda jua kali, huvumilia kukanyagwa na hujirudisha upesi ukijeruhiwa. Majedwali ya FAO yanaonyesha kwamba huanza kupungua ukuaji pale EC ya udongo inapovuka 6.9, uvumilivu mkubwa kuliko wa mazao mengi ya chakula. Viwanja vya mpira na gofu duniani hutumia chotara zake. Iliyoenea sana ni Tifway 419, iliyotolewa mwaka 1960 na Glenn Burton huko Tifton, Georgia. Chotara hiyo ilijitokeza kwa bahati katika mbegu za nyasi za Cynodon transvaalensis zilizotoka Johannesburg, kwa hiyo tunapoinunua ghali kutoka ng'ambo tunamrudisha mjukuu nyumbani. Haizai mbegu zinazoota, hupandwa kwa vipande vya shina. Akija mtu kukuuzia mbegu za Tifway, mshukuru na umuage.

Maji yakiwa na chumvi nyingi mno kwa ukoka, kuna Paspalum vaginatum, nyasi ya asili ya kandokando ya bahari, inayostahimili chumvi kuliko ukoka na kuwa na kijani cha kung'aa. Isikudanganye, lakini. Nayo pia hufa chumvi ikilundikana bila kusukumwa chini, na ikipewa naitrojeni nyingi hutengeneza godoro nene lisilopenya maji. Chini ya mwarobaini, mikungu na minazi iliyokaribiana, ambako ukoka hunyong'onyea kwa kukosa jua, panda nyasi ya Pemba, Stenotaphrum dimidiatum, yenye majani mapana, ukate juu, sentimita nne hadi sita. Nyasi ya Kikuyu iache Nairobi na Limuru. Ni ya nyanda za juu, na joto la pwani pamoja na magonjwa huichosha.

Hatua ya nne: kagua jinsi maji yanavyosambaa

Hapa panahitaji mikebe. Kusanya mikebe 20 ya maziwa ya unga iliyo sawa kabisa, uipange kwa umbali wa mita mbili au tatu kuvuka eneo linalohudumiwa na vinyunyizio, fungua maji kwa dakika 20, kisha pima kina kwa rula. Tafuta wastani wa mikebe yote. Halafu chukua robo iliyopata maji kidogo zaidi, yaani mikebe mitano, utafute wastani wake, na uugawe kwa wastani wa jumla. Ukipata 0.75 au zaidi mfumo wako ni mzuri. Ukipata 0.5, sehemu kavu zinapata nusu ya wastani, na ili kuziridhisha utalazimika kuzamisha zilizobaki.

Mara yangu ya kwanza nilipata mkebe mmoja mtupu katikati ya uwanja, na kando yake mwingine umejaa hadi vidole vitatu. Chanzo kilikuwa kinyunyizio kilichoinama kwa sababu ya toroli iliyopita juu yake, na tundu lililozibwa na mchanga wa kisima. Kukirekebisha kulichukua saa moja. Fanya jaribio alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaanza. Kisha ulirudie saa tisa mchana ili uone mwenyewe kwa nini wataalamu hawamwagilii wakati huo.

Ili kujua wakati wa kumwagilia, tumia kisu kirefu au bisibisi. Ikiingia sentimita 10 kwa urahisi, ngoja. Nyayo zako zikibaki zimeonekana kwenye nyasi baada ya kupita, na majani yakiwa yamejikunja na kuwa na rangi ya buluu iliyofifia, muda umefika.

Hatua ya tano: mbolea kwa gramu, si kwa viganja

Mtaalamu hazungumzi magunia. Huzungumza gramu za naitrojeni kwa mita ya mraba. Kipimo cha kawaida kwa chotara za ukoka ni kisichozidi gramu 5 kwa mara moja. Tuchukue uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, ambao ni mita za mraba 7,140. Gramu 5 kila moja ni kilo 35.7 za naitrojeni. Salfeti ya amonia ina asilimia 21 ya naitrojeni, hivyo utahitaji kilo 170. Yurea ina asilimia 46, hivyo ni kilo 78 hivi. Ukitazama bei ya gunia pekee utachagua yurea. Lakini kwenye udongo wenye pH ya juu, yurea iliyoachwa juu bila kumwagiliwa hupoteza sehemu ya naitrojeni yake hewani kama amonia, na kwenye joto la Januari huunguza majani. Ukiitumia, imwagilie saa hiyo hiyo. Salfeti ya amonia, kwa upande wake, hutia tindikali kidogo kuzunguka mizizi, jambo linalofaa kwetu, ila nayo ni chumvi, hivyo usiitawanye kwenye nyasi zenye kiu.

Wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei gawanya kiasi hicho mara mbili au tatu, kwa kuwa mchanga haushikilii naitrojeni na masika huishusha chini kabla mizizi haijaionja. Potasiamu usiisahau mahali penye sodiamu nyingi. Fosforasi fuata maabara. Bustani nyingi za hoteli zimelishwa 17-17-17, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, kwa mazoea hadi fosforasi imejaa bila faida. Tawanya nusu ukienda kaskazini-kusini na nusu ukienda mashariki-magharibi, la sivyo utachora pundamilia ambaye mabosi watamwona kutoka ghorofani.

Hatua ya sita: ukataji

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Uwanja wa mpira wa chotara ya ukoka unaweza kukatwa milimita 20 hadi 30. Feawei ya gofu, yaani njia ndefu ya kuelekea shimoni, 10 hadi 15. Grini, yaani eneo laini lenye shimo, ambayo hutumia aina fupi zaidi, milimita 3 hadi 5, na hukatwa karibu kila siku. Chini ya milimita 15 mashine ya kisu kinachozunguka haifai. Tumia ya silinda, inayokata kama mkasi. Pima ukali wake kwa ukanda wa karatasi ya gazeti: ukatwe safi katika urefu wote wa silinda. Kesho yake asubuhi inama uangalie ncha za majani. Zikiwa nyeupe na zenye nyuzi, mashine inararua.

Hatua ya saba: kutoboa udongo na kumwagia mchanga

Chimbua kipande kidogo chenye umbo la kabari, ukitazame ubavuni. Kati ya majani na udongo kuna tabaka la kahawia la mashina na mizizi iliyokufa. Likiwa chini ya milimita 12 huleta wororo unaofaa; likizidi hapo hugeuka sponji linalozuia maji na kuhifadhi ukungu. Toboa kwa mashine inayong'oa vipande vya udongo, kina cha sentimita 7 hadi 10, au kwa jembe uma kama eneo ni dogo, kisha mwaga mchanga milimita 3 na uusugue ndani ya matundu. Kwa uwanja wa mpira huo ni takriban mita za ujazo 21 za mchanga, kwa hiyo panga malori mapema.

Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa na kuoshwa. Wa ufuoni una chumvi na vipande vya kombe, na kuuchota ufuoni ni balaa nyingine kabisa. Ukitaka kujenga grini mpya, jifunze mfumo wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960: sentimita 30 za mchanga uliopimwa maabara juu ya sentimita 10 za kokoto, na mabomba ya kupitishia maji chini yake. Kazi hii ifanye mwishoni mwa Machi au mara masika yakipungua mwezi Juni, nyasi zikiwa na nguvu ya kujiziba. Usiifanye Februari.

Hatua ya nane: wadudu, magonjwa na ndago

Kabla ya kununua dawa, tambua adui. Changanya sabuni ya maji vijiko viwili katika lita nane, mwaga juu ya mita moja ya mraba, ngoja dakika kumi. Viwavijeshi na nyenje wa ardhini watapanda juu wenyewe. Mabaka yasiyo na wadudu katika mchanga, yenye mizizi mifupi na yenye vifundo, hudai kipimo cha maabara cha minyoo wa mizizi. Dawa yoyote iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, na lebo yake isomwe yote. Ndago ukiing'oa kwa mkono unaacha viazi vyake chini na unaviamsha; mara nyingi huashiria mahali maji yanapotuama, kwa hiyo tengeneza mtiririko wa maji kwanza, dawa ya kuchagua ifuate.

Hatua ya tisa: elimu rasmi na vijishamba vyako

Chuo kikuu cha Penn State cha Marekani hutoa vyeti vya fani hii kwa intaneti, pamoja na cheti cha kiwango cha juu. Chama cha wasimamizi wa viwanja vya gofu Marekani, GCSAA, kilichoanzishwa mwaka 1926, kina masomo mafupi. Na Chuo Kikuu cha Michigan State kina hifadhi kubwa ya maandishi ya utafiti wa nyasi. Yote ni kwa Kiingereza, na mengi yamejaa nyasi za nchi za baridi ambazo hutazikuta hapa. Chagua kwanza somo la udongo na maji, lipie hilo pekee, ulisome ukiwa na majibu ya maabara yako mezani, kisha uamue kama unaendelea. Kwa vitendo, omba siku chache za kufuatana na watunza uwanja wa gofu wa Nyali, au wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, yenye mashimo 9 kandokando ya bahari tangu 1911. Hapo utaona jinsi nyasi zinavyoishi zikirushiwa chumvi na kusi yenyewe.

Sambamba na hayo, tenga nyuma ya stoo vijishamba sita vya mita mbili kwa mbili. Viwili vipe maji ya kisima kwa kina mara mbili kwa wiki, viwili vipe kiasi hicho hicho kikigawanywa kila siku, viwili vipe maji matamu. Piga picha kila Ijumaa saa mbili asubuhi, mahali pamoja, na mwisho wa kila mwezi pima EC ya udongo wa kila kimoja. Vianzishe Desemba, kaskazi inapoingia. Kufikia mwisho wa Machi, kabla mvua haijavisafisha vyote, utakuwa na namba za kumwonyesha meneja anayeuliza kwa nini vinyunyizio havikufunguliwa jana.